Mtakatifu hajifichi kanisani

Leo tutafakari pamoja filamu ya zamani ya Marekani, On the Waterfront, iliyotoka mwaka 1954 na kupata tuzo nane za Oscar. Wengi huikumbuka kwa sababu ya Marlon Brando. Mimi huikumbuka kwa sababu ya padri.

Ni hadithi ya vibarua wa bandarini, karibu na New York. Chama chao cha wafanyakazi kimetekwa na wahuni. Kila asubuhi wanajipanga kusubiri kuchaguliwa. Anayenung'unika hapati kazi, na anayetaka kutoa ushahidi mbele ya tume hatarini. Kijana Joey Doyle anasukumwa kutoka juu ya paa la ghorofa. Watu wanajua, lakini hakuna anayesema. Kanuni ya pale ni kuwa kiziwi na bubu. Sisi tungesema: funika kombe mwanaharamu apite.

Padri Barry anafika kumsalia marehemu. Anamwambia Edie, dada wa Joey, kwamba akimhitaji atamkuta kanisani. Binti yule, kwa uchungu, anamuuliza kama amewahi kusikia habari za mtakatifu aliyejificha kanisani.

Swali hilo linamtoa padri nje. Anakwenda bandarini kujionea. Kibarua mmoja, Dugan, anakubali kutoa ushahidi, baada ya padri kumwahidi kwamba atasimama naye hadi mwisho. Muda si mrefu, makasha ya wiski yanaangushwa juu yake akiwa kazini ndani ya meli, naye anafariki.

Padri anashuka hadi tumboni mwa meli, anasimama kando ya maiti, anahubiri. Anawaambia wenzake kwamba Kristo hakusulubiwa Kalvari tu. Mtu anapouawa ili asiseme kweli, huo nao ni msalaba. Na anayejua akanyamaza ana hatia kama askari aliyemchoma Bwana mkuki. Anawaambia Kristo yupo kati yao kila asubuhi wanapojipanga kuomba kazi. Wahuni wanamrushia vitu, anajeruhiwa, damu inamtoka, lakini haachi. Akimaliza, anapandishwa juu kwa winchi pamoja na mwili wa Dugan. Ahadi ameitimiza.

Usidhani hayo ni ya filamu tu. Padri Barry alichorwa kwa mfano wa Padri John Corridan, Mjesuiti aliyewatetea makuli wa New York.

Nami naungama kwako, msomaji. Miaka mingi iliyopita mama mmoja mjane alinijia. Mashemeji zake walikuwa wamemnyang'anya shamba, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa jumuiya, mtu wa kutegemewa parokiani. Nilimwambia, "Mama, tuendelee kusali." Tulisali. Kwa yule shemeji sikwenda. Shamba halikurudi. Sala yetu ilikuwa ya kweli, lakini mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Sala si pango la kujifichia. Bwana wetu alisali Gethsemane usiku, kisha akainuka kwenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Alitufundisha pia kwamba tunalomtendea mmoja wa wadogo wake tumemtendea yeye. Basi na tunaloliacha litendeke huku tukitazama, tumeliacha litendeke kwake.

Huenda kazini kwako yupo Dugan, anayejua fedha zinakokwenda na anaogopa kuwa peke yake. Huenda katika ukoo wako yupo mjane au mtoto anayeumizwa, na nyote mnajua. Si kila mtu ataweza kuhubiri mbele ya wahuni. Lakini kila mmoja wetu anaweza kumwambia mtu mmoja, "Sema, nami nitasimama nawe," kisha asimame kweli.

Misa ikiisha leo, tutaambiwa twende kwa amani. Tusiichukue kama ruhusa ya kwenda kulala. Tunatumwa.

Dominika njema.