Golf GTI ya mtumba Migwani: rimapu ije mwisho

Leo naweka kando habari za seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze magari, hasa jambo moja ambalo vijana wenzangu wenye magari ya mwendo wamelishika kama amri: kwamba ukishanunua Golf GTI au Impreza WRX ya mtumba, kitu cha kwanza ni kuipeleka Nairobi "ikafunguliwe", yaani programu ya kompyuta ya injini ibadilishwe ili turbo isukume zaidi. Mimi napinga. Napinga nikiwa mtunga programu, na napinga zaidi nikiwa mtu anayeishi Migwani.

Kwa wale ambao hawafuatilii magari: hachibaki ya mwendo ni gari la kawaida la familia, lile ambalo mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake, halafu likawekewa injini yenye hasira. Volkswagen ndio walioipa aina hii umaarufu. Golf GTI ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuuzwa 1976 ikiwa na nguvu farasi 110 tu. Yangu ni ya kizazi cha 6: lita 2.0, turbo, farasi 211, torki ya Nm 280, giaboksi ya DSG yenye gia 6. Ilitoka Japani, ikazunguka Nairobi miaka kadhaa, ndipo ikanifikia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo GTI za kizazi hiki huwezi tena kuziagiza. Zilizopo zimeshapita mikono mingi hapahapa nchini, na ukinunua moja unanunua pia tabia za watu usiowajua.

Najua swali linalofuata, maana naulizwa kila wiki. Kwa nini usinunue Probox? Swali zuri. Probox ndiye mfalme wa Ukambani. Anabeba watu, mbuzi, magunia ya ndengu na milango ya chuma juu ya keria, na akiharibika Thitani, fundi wa Thitani anamtengeneza kwa spana tatu na waya. GTI haiko hivyo. Fundi wangu hapa Migwani, mtu mzima mwenye subira, aliinua boneti siku ya kwanza, akatazama, akaifunga polepole. "Bosi, hii ni kompyuta yenye magurudumu." Alisema kweli, na ndiyo maana naipenda. Nalipwa kutafuta makosa ndani ya kompyuta. Kama kuna mtu Migwani anayepaswa kumiliki gari la namna hii, labda ni mimi.

Lakini kumiliki gari kijijini si sawa na kulimiliki Nairobi. Wenzangu wa mjini gari likikwama wanaita teksi. Huku, mwenye gari ndiye ambulensi. Saa nane usiku mtu anagonga geti: mke wa fulani ameanza uchungu, au mzee kifua kimembana, na kinachotakiwa ni kufika hospitali ya Mwingi, au Kitui mjini ikibidi. Huulizi maswali, unachukua ufunguo. Sasa, wanaofanya kazi kama yangu watanielewa nikisema gari la kijijini ni seva iliyo hewani. Ina watumiaji wake hata kama hawajui kwamba ni watumiaji. Na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka msimbo ambao haujajaribiwa kwenye seva iliyo hewani Ijumaa jioni, kwa sababu tu rafiki yake alifanya hivyo na hakuna kilicholipuka.

Rimapu ni nini hasa? Ndani ya kompyuta ya injini kuna programu na kuna majedwali. Programu inasoma majedwali: injini ikizunguka kwa kasi hii na kuvuta hewa kiasi hiki, plagi iwake mapema kiasi gani, petroli imwagwe kiasi gani, turbo iruhusiwe kujaza shinikizo lipi. Muuza rimapu kwa kawaida haandiki programu mpya. Anabadilisha namba ndani ya majedwali, anahesabu upya namba ya uhakiki ili kompyuta isikatae faili, kisha anairudisha garini. Hapo hakuna uchawi. Ni kazi halali na kuna watu duniani wanaoifanya kwa ustadi mkubwa, saa nyingi juu ya mashine ya kupima nguvu, wakisahihisha jedwali moja baada ya jingine.

Ninachouziwa mimi sicho hicho. Nilipiga simu sehemu tatu kuuliza (sitazitaja). Niliuliza faili inatoka wapi, ilijaribiwa kwa petroli gani, kwenye joto gani, na kama nitapewa nakala ya faili yangu ya kiwandani nikae nayo nyumbani. Mmoja alinijibu, "Bosi usijali, hiyo faili imetoka Ujerumani." Hilo ndilo linalonitia wasiwasi! Ujerumani wanauza petroli ya okteni 98 kwenye vituo vya kawaida, na asubuhi zao si kama mchana wa Kitui. Mwingine alisema nakala ya awali "itakuwepo tu". Itakuwepo wapi, kwenye laptopu ya nani? Sisi tunaopenda programu huria tumezoea kusema: usiponionyesha chanzo, nionyeshe basi majaribio. Hapa sionyeshwi chanzo wala majaribio, na njia ya kurudi nyuma haipo.

Tuje kwenye petroli. Japani, petroli ya kawaida lazima ifikie okteni 89 na ile ya daraja la juu lazima ifikie 96. GTI na WRX huko hunywa ya daraja la juu. Super ya kawaida ya vituo vyetu haitengenezwi kwa kiwango hicho, na hiyo ni kabla hatujasema habari ya uchanganyaji. Serikali yenyewe iliona tatizo la mafuta taa kuchanganywa na mafuta ya magari ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 iliyawekea mafuta taa tozo ya shilingi 18 kwa lita, ili faida ya mchezo huo ipungue. Mafuta taa yakiingia kwenye petroli, okteni inashuka. Okteni ikishuka, mchanganyiko ndani ya silinda unalipuka kabla ya wakati wake, na injini inagonga. Sensa inasikia mgongo huo, kompyuta inachelewesha plagi, nguvu inapungua, pistoni zinapona. Kiwanda kiliacha nafasi ya kutosha kwa ajili ya siku mbaya kama hizo. Rimapu inauza nafasi hiyohiyo. Farasi 40 au 50 unazoongezewa hazikutoka mbinguni.

Halafu joto. Nina kile kifaa kidogo cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu fupi ya Python niliyoiandika mwenyewe. Ukiliuliza gari swali la 01 0F linakujibu kwa baiti moja. Toa 40, unapata joto la hewa inayoingia kwenye injini kwa nyuzi za Selsiasi. (Ndiyo, mtu aliketi akaamua kutoa 40 ili baiti isiyo na alama ya hasi iweze kubeba baridi ya Siberia. Nampa heshima zake.) Asubuhi ya Julai naona nyuzi 25, 28. Mchana wa Februari, kutoka Kabati hadi Migwani kwa mwendo wa kistaarabu, naona 50 na kupita. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi na inachochea injini kugonga. Kwa hiyo mwenye rimapu huku kwetu, kwa miezi mingi ya mwaka, amelipia nguvu ambayo kompyuta yake mwenyewe inamnyima kila anapokanyaga. Ukiwa na VCDS unaweza hata kuona kila silinda imecheleweshwa nyuzi ngapi. Watu hawaangalii. Wanasikia tu mlio wa bomba la moshi wanaridhika.

Na giaboksi? DSG ya gia 6 iliyo kwenye GTI yangu, ile ya klachi zinazooga oili, Volkswagen wenyewe waliipangia torki ya hadi Nm 350. Rimapu ya hatua ya kwanza mara nyingi huvuka hapo. Wapo wanaoendesha hivyo miaka bila shida. Lakini giaboksi hiyo hutaka oili mpya na filta kila kilomita 60,000, na gari la mtumba hujui kama ilibadilishwa. Mita inaweza kurudishwa nyuma. Mimi niliamini zaidi vibandiko vya oili vya Japani kwenye fremu ya mlango kuliko mita. Ukikuta kimeandikwa 24 mahali pa mwaka, hiyo ni Heisei 24. Ongeza 1988, unapata 2012. Linganisha kilomita za kwenye kibandiko na za kwenye mita, halafu ndipo uanze kuzungumza bei.

Kuna pia cheni ya taimingi. Kikaza cheni cha injini za mwanzo za EA888 kinajulikana dunia nzima kwa kulegea. Volkswagen walikuja kubadilisha muundo wake, na Marekani wamiliki walikwenda mahakamani kwa pamoja juu ya jambo hili. Kikiachia, cheni inaruka, vali zinakutana na pistoni, na umemaliza injini. Kwenye kifuniko cha chini cha cheni kuna kizibo cha mpira. Fundi akikitoa anaweza kumulika kwa tochi aone kilichomo ni kikaza cha zamani au kipya. Dakika chache tu za kazi. Nimekutana na watu waliolipia rimapu na ambao hawajawahi kusikia habari za kizibo hicho.

Sasa, nisieleweke kwamba nataka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Napenda kuboresha. Ila orodha yangu inaanzia chini, kwenye ardhi. GTI hizi nyingi huja na tairi za 225/40 R18. Ukuta wa tairi hiyo ni milimita 90. Ukirudi kwenye rimu ya inchi 17 na 225/45, ambazo nazo ni za kiwandani, ukuta unakuwa milimita 101. Milimita 11 unaweza kuzicheka ukiwa kwenye lami, lakini ukiacha lami kuelekea Kyome zitakuokolea rimu. Kwenye tairi zenyewe soma tarakimu nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nzuri ya mtumba yenye miaka 9 si nzuri. Kisha oili ya breki, ambayo hunyonya maji na inapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na pedi za maana. Kisha mfumo wa kupoza. Na anayeshusha springi ili gari lilale chini, akija kwetu aje na mtu wa kusukuma, maana matuta yetu mengine hayana alama na sampu haijui mambo ya urembo.

Mtu ataniambia: mbona Safari Rally? Magari ya mwendo yalishinda Ukambani na Kenya nzima kabla hujazaliwa. Ni kweli. Lancia Delta Integrale, hachibaki ya milango mitano, ilishinda Safari 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion. Lakini mimi hupenda zaidi habari ya 1993, Subaru walipoleta Vivio, kijigari cha injini ya 660 cc. Waliwapa madereva watatu, akiwemo Colin McRae na Patrick Njiru wetu. McRae alikimbia nayo kama alivyokuwa akikimbia na kila kitu, na gari halikufika mwisho. Njiru alifika, wa 12 kwa jumla, na akashinda daraja lake.

Suala la bima nalitaja kwa ufupi tu. Ukiongeza nguvu ya injini na usiwaambie, umewapa sababu ya kubishana nawe siku ya ajali, na siku hiyo huenda abiria wako ni mke wa jirani.

Je, kuna siku nitafanya rimapu? Inawezekana. Akija mtu mwenye mashine ya kupima, akakubali kurekebisha majedwali kwa petroli ya hapa mchana wa joto, akanipa faili yangu ya awali mkononi, na akaweka kikomo cha torki chini ya ile 350, tutazungumza. Hata farasi 20 nitazipokea kwa furaha, sina haja ya 50. Bei niliyotajiwa kwa ile faili ya Ujerumani ilikuwa shilingi 45,000. Sehemu ya fedha hizo imekwenda kwenye oili na filta ya giaboksi, na sehemu kwenye kikaza cheni chenye muundo uliorekebishwa, ambacho kimeshafika na kipo kwenye boksi lake juu ya kabati. Kilichobaki ni vifaa vya kufungia kamshafti wakati cheni inatolewa. Fundi wangu hana, na Mwingi sijavipata. Kama unavyo na unapita njia ya Kabati kabla ya mwisho wa mwezi, piga honi pale sokoni, watakuonyesha nyumbani.