Gari la Zimamoto la Waya

Wako watu huko Marekani, wengi wao wenye mvi, ambao hutafuta lori kuukuu la Dodge la miaka ya 1970, hulikwangua kutu, hulipaka rangi nyekundu, huliwekea makabati ya vifaa ubavuni na nambari 51 mlangoni, kisha huliendesha polepole katika gwaride la mji wao kana kwamba wamebeba bibi arusi. Lori hilo ni mfano wa lile lililoonekana katika mchezo wa televisheni ulioitwa Emergency!, ambao shirika la NBC liliuonyesha tangu Januari 1972 hata 1977, vipindi zaidi ya 120, juu ya wazima moto wa Los Angeles waliofunzwa uganga wa dharura. Wapenzi wa mchezo huo hawaishii katika lori. Huunda upya kofia ngumu pamoja na beji zake, makoti, na hata lile sanduku la redio la rangi ya machungwa ambalo kwalo waganga wa barabarani walisema na hospitali.

Habari hii ikisimuliwa katika baraza za wasomi wa Dar es Salaam huamsha kicheko. Husemwa kwamba huo ni utoto wa watu walioshiba, na kwamba mtu mzima anayeunda gari la uongo lisilozima moto wowote amekosa kazi ya kufanya. Kicheko hicho chastahili kujibiwa, maana hakiishii kwa Wamarekani. Ndicho kicheko kile kile kimfikacho mtoto wa Kariakoo au Mchafukoge aketiye kibarazani, akapinda waya uliookotwa, akakata duara nne katika kandambili iliyokwisha, akafunga fimbo ndefu iwe usukani, na jioni akaliendesha gari lake kando ya mtaro. Mzazi humwambia aache uchafu akasome. (Mchafukoge, wasemavyo wengi, ni jina lililotokana na amri ya kumwambia mchafu akaoge, yamkini watoto wa mtaa huo wamekemewa tangu zamani.)

Hoja ya kwanza ya wenye kucheka ni kwamba mfano hauna faida. Hoja hii haina miguu. Sheria ya California iliyowaruhusu wazima moto waliofunzwa kumtibu mgonjwa pale pale alipoanguka ilitiwa sahihi mwaka 1970. Mchezo ulipoanza miaka miwili baadaye, kazi hiyo ilikuwa ngeni katika sehemu kubwa ya Marekani. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa moyo nyumbani alipakiwa garini akakimbizwa, na kama alikufa njiani hapakuwa na wa kulaumiwa. Watazamaji waliona kila juma jambo ambalo mji wao haukuwa nalo, wakaanza kuwauliza wakubwa wao sababu ya kulikosa. Vijana wengi walioingia kazi hiyo baadaye walikiri kwamba walivutwa na mchezo ule. Lori lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho ya zimamoto ya Los Angeles yaliyoko Bellflower, na mwaka 2000 taasisi ya Smithsonian ilipokea vifaa vya mchezo huo katika hazina ya taifa. Uongo wa kiwambo ulizaa gari la kweli mlangoni mwa mtu wa kweli.

Wapenzi hao wana kosa lao, nalo lisifichwe. Humpenda shujaa kuliko kazi, na mchezo wenyewe uliwafundisha hivyo, kwa kuwa katika televisheni kila moto huzimika kabla ya saa kwisha. Kariakoo haikupata moto wa namna hiyo. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu liliwaka: soko lile lililochorwa na Beda Amuli, lenye miavuli yake ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuwa fahari ya taifa lililokuwa changa. Mali ya wachuuzi iliteketea, na jengo likafungwa kwa ukarabati wa muda mrefu. Asubuhi yake hapakuwa na mtu aliyevuliwa kofia wala aliyepigiwa muziki.

Hapa ndipo ilipo hoja ya pili, nayo husemwa kwa hasira zaidi: wazima moto wa mji huu wapewe heshima gani, hali hufika nyumba imekwisha, tena bila maji? Maneno haya yamekuwa kama wimbo. Hayakosi chanzo, kwani wako walioungua wakingoja, na uchungu wao hauwezi kujibiwa kwa ubishi. Walakini mwenye kuyakariri kila siku pasipo kuchunguza hujifunua kwamba hajui chombo anachokilaani. Gari la kawaida la zimamoto hubeba maji lita elfu chache. Pampu yake ikifunguliwa kwa nguvu, maji hayo huisha kwa dakika chache tu. Ndiyo maana gari halikuumbwa kutegemea tangi lake: hutazamiwa liunganishwe na bomba la maji ya zimamoto lililo barabarani, au lifuatwe na magari mengine ya maji. Bomba likiwa limefunikwa na kibanda cha mitumba, au halina nguvu, au halipo, gari huonekana limekuja tupu, na watazamaji huanza kuzomea. Mtu aliyeegesha gari lake mbele ya bomba hilo huzomea pamoja nao.

Na njia je? Mitaa ya Kariakoo ilipimwa kwa kamba iliyonyooka, mraba kwa mraba, lakini upana wake leo humezwa na meza, mikokoteni, bajaji na mizigo inayoshushwa. Mwaka 2021 serikali iliwahamisha wamachinga kutoka barabarani katika miji mingi, na ugomvi juu ya haki yao ya kupata riziki ni ugomvi wa halali usiokatwa kwa sentensi moja. Lakini ni vigumu kumlaumu dereva kwa kuchelewa na papo hapo kumwuzia shati katikati ya njia yake.

Sasa atazamwe tena yule mtoto wa waya. Akitaka kuunda daladala, hutazama daladala mpaka ajue mlango uko upande gani na kondakta huning'inia wapi. Akiunda lori la mchanga, hujua jinsi tela linavyoinuka. Mkono haukubali kupinda kitu ambacho jicho halikukiona. Mtoto akipewa kazi ya kuunda gari la zimamoto, atalazimika kuuliza maji huingilia wapi na hutokea wapi, mpira una urefu gani, ngazi hukunjwaje. Hayo ndiyo maarifa waliyo nayo wale wazee wa Marekani wanaochekwa: hakuna kabati la lori namba 51 wasilojua kilichomo. Raia wa namna hiyo hawezi kuegesha gari juu ya bomba la maji, kwa kuwa analijua kwa jina.

Hoja ya tatu huvaa joho la uzalendo, ikasema kwamba kuiga mambo ya kigeni ni utumwa wa akili. Mji huu waijua hoja hiyo. Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mengineyo yaliyoitwa ya kuiga. Na siku hizo hizo wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa. Vita ile ilihesabu inchi za kitambaa, ikasahau kuuliza vijana walipenda nini katika kile walichokiiga. Zaidi ya hayo, haikushinda. Bajaji za leo zina nembo za klabu za Uingereza, na kijana wa Msimbazi, hatua chache kutoka makao ya Simba, huvaa fulana ya Arsenal bila kuona aibu. Kuiga kuko, kilichobaki ni kuchagua nani wa kuigwa, na katika uchaguzi huo mzima moto hajapata kura. Hata televisheni haikumsaidia: Zanzibar iliipata mwaka 1973, lakini Bara ilingoja mpaka 1994, na wazee wa Mchafukoge walipata mashujaa wao katika majumba ya sinema kama Avalon na Empire, ambako shujaa aliimba au alipiga watu mateke.

Mji wenyewe umekwisha kumpa mzima moto heshima moja bila kukusudia. Kituo cha zimamoto katika Barabara ya Morogoro kimeupa mtaa jina, nao watu husema washuka Faya. Hata mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 yana kituo cha jina hilo. Maelfu hulitamka kila siku wasikumbuke maana yake. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na namba 114 ipo kwa kila mwenye simu. Lakini sheria na namba hazimfundishi mtu kupenda.

Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, magari yanayojulikana sana ni yale waliyopanda wakuu wa nchi. Hilo si baya. Walakini magari mazee ya zimamoto yaliyoutumikia mji huu kabla na baada ya uhuru nayo yalibeba historia, na mwisho wa gari kuukuu katika nchi hii kwa kawaida ni kukatwa vipande kuuzwa chuma chakavu. Gari moja lililostaafu, likioshwa na kuwekwa karibu na yale ya wakuu, na kifuniko cha pampu yake kikiachwa wazi ili watoto wa shule waone mabomba ya ndani, halidai nafasi kubwa kuliko kivuli cha mwembe. Mafundi wa bati wa Gerezani, waundao majiko na masanduku kutwa nzima, wana mikono ya kulikarabati, nao wako mwendo wa miguu kutoka hapo.