Setilaiti kurushwa kwa ndege: wazo tamu, hesabu ngumu

Mkulima wa kahawa wa Kayanga akifungua utabiri wa mvua kwenye simu, anategemea setilaiti za nchi nyingine. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alisema Tanzania imeanza maandalizi ya kurusha ya kwake. Itafikaje huko juu?

Kuna njia ya ndege. Inapaa hadi kilomita 10 hivi, inaachia roketi, nayo inawasha injini na kuendelea. Faida yake ni kwamba huhitaji kujenga kituo kikubwa cha kurushia roketi.

Ila hesabu inabana. Ndege kubwa hukimbia kilomita 900 hivi kwa saa, wakati setilaiti inahitaji kama 28,000. Karibu kazi yote inabaki kwa roketi, na lazima iwe ndogo ili ndege iibebe.

Januari 9, 2023, Boeing 747 ya Virgin Orbit ilipaa kutoka Cornwall, Uingereza. Ndege ilirudi salama, lakini roketi ilifeli na setilaiti 9 zikapotea. Aprili kampuni ikatangaza kufilisika.

Mwezi huohuo, Aprili 15, Taifa-1 ya Kenya ilifika angani kwa roketi ya SpaceX kutoka Marekani, pamoja na makumi ya setilaiti nyingine. Ni kama kupanda basi badala ya kukodi teksi: unafuata ratiba ya wengine, lakini nauli mnagawana.

Kwa Tanzania, basi linatosha. Pesa itakayobaki isomeshe wataalamu wa kuchambua data, maana picha za angani pekee hazimsaidii mkulima wa Kayanga.