Wasee wa Go, wacheni kuringa na unsafe

Msee anaona programu yake ya Go inajikokota, anaingiza unsafe, halafu anaturingia ati ameipa spidi. Spidi ya kwenda wapi? Ukigeuza pointa iwe uintptr na uihifadhi hivyo, hiyo sasa ni namba tu. Mfagiaji wa memori haitambui, so anaweza kufagia kitu ambacho bado unakitumia, na nafasi yake ipewe data nyingine. Steki nayo ikikua inahamishwa, wewe umebaki na anwani ya nyumba ya zamani.

Na programu si lazima ianguke, buda. Inaweza kuendelea tu, ikiandika salio la mteja mmoja juu ya la mwingine, kimya kimya. Pakeji yenyewe imeitwa “si salama” na bado mnabisha! Pimeni kwanza. Pengine kinachowachelewesha ni ile lupu yenu mbovu.