Mlezi wa kujitolea si pambo la shule

Kila unapotajwa mradi wa kuwakutanisha vijana wa Kilatino wa sekondari nchini Marekani na walezi, yaani watu wazima wa kujitolea wa kuwashika mkono, hoja zilezile huibuka. Baadhi hutolewa na wapinzani, nyingine na mashabiki. Za mashabiki ndizo zinazonikera zaidi.

Wapinzani husema wazazi wa vijana hawa hawajali elimu, na kwamba mtu wa nje hawezi kuziba pengo la nyumbani. Takwimu zinawakatalia. Mwaka 2000, zaidi ya robo ya Walatino wenye umri wa miaka 16 hadi 24 walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Kufikia 2019 walikuwa chini ya asilimia 8. Familia zisizojali elimu hazifiki hapo. Wanachokosa wazazi wengi ni habari. Mama aliyeishia shule ya msingi huko Michoacán, Mexico, atajuaje kwamba FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa karo, inadai maelezo ya mapato ya wazazi? Nani atamweleza kwamba huko California mwanawe anaweza kuhitimu sekondari kihalali kabisa, cheti mkononi, na bado akakosa sifa za kuomba University of California kwa sababu hakutimiza kozi 15 zinazotakiwa? Kosa hilo hutendeka kijana akiwa na miaka 14, anapochagua masomo, na hugundulika akiwa na 17. Mtu aliyewahi kupita njia hiyo huliona mapema.

Basi hiyo ni kazi ya mshauri wa shule, watasema, naye analipwa mshahara. Kweli. Lakini chama cha washauri hao chenyewe kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na wastani wa nchi umekuwa juu ya kiwango hicho miaka nenda rudi. Mwenye mamia ya vijana hana nafasi ya kukaa na mmoja wao jioni nzima kupitia fomu.

Sasa mashabiki. Wao hudai kwamba inatosha kumleta Mlatino aliyefanikiwa, azungumze saa moja ukumbini, apigwe picha na wanafunzi, na cheche itawaka. Mfano wao mkuu ni José Hernández, mtoto wa vibarua wa mashambani kutoka Mexico. Akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, huku akipalilia shambani karibu na Stockton, alisikia redioni kwamba Franklin Chang-Díaz, mzaliwa wa Costa Rica, amechaguliwa kuwa mwanaanga. Mwaka 2009 Hernández naye aliruka angani. Kisa ni cha kweli, na cheche ilikuwa ya kweli. Lakini wasimuliaji huruka sehemu mbili. NASA ilimkataa mara 11 kabla ya kumchagua mwaka 2004. Na miaka mingi kabla ya ile redio, mwalimu wake wa darasa la pili alifika nyumbani kwao akawasihi wazazi waache kuhamahama na mavuno ili watoto wasome mahali pamoja. Wakakubali. Bila uamuzi ule wa wazazi, sijui redio ingemkuta wapi.

Wala tusijifariji kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichambua data za Big Brothers Big Sisters, shirika la Marekani linalowakutanisha vijana na walezi wa kujitolea, na mwaka 2002 wakaeleza walichokiona: vijana waliokaa na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi, lakini wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika kujithamini. Mlezi anayetokomea ameongeza jina lake kwenye orodha ya watu wazima waliomwacha mtoto.

Je, mlezi lazima awe Mlatino? Ikiwezekana, na awe, hasa kwa sababu ataongea na bibi na wazazi kwa Kihispania bila mkalimani. Lakini kumfanya kijana asubiri mpaka apatikane huyo ni kumchelewesha bure. Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alisukumwa kuomba vyuo kama Princeton na rafiki wa sekondari aliyemtangulia, mtoto wa familia ya Kichina.

Hoja ya mwisho, inayopendwa na wenye bajeti, ni kwamba kazi ya kujitolea haina gharama. Tazama Puente, mradi ulioanza mwaka 1981 katika Chabot College, Hayward, na kuingia sekondari za California mwaka 1993. Mlezi wa Puente hasimami peke yake: yupo mwalimu wa uandishi anayetumia fasihi ya Walatino, yupo mshauri, na wote wawili wanalipwa. Katika tathmini iliyoongozwa na Patricia Gándara, asilimia 43 ya vijana wa Puente walikwenda vyuo vya miaka minne, dhidi ya asilimia 24 ya wenzao waliolinganishwa nao. Matokeo hayo yalinunuliwa kwa mishahara pamoja na moyo wa watu.

Kwa hiyo ukiombwa kujitolea, uliza kwanza ni nani atakayekufundisha kazi na utaripoti kwa nani kijana asipotokea. Na kama huna mwaka mzima wa kutoa, usijiandikishe. Changia basi la kuwapeleka wazazi wakakione chuo.