Kuiga Mtambo na Kutwaa Nakala

Wazazi kadhaa wametuuliza hukumu ya michezo ya video ambayo vijana wao huicheza kwa simu bila ya kuwa na mtambo wake. Wapo waliokwisha kuikataza yote, na wapo walioiachilia yote. Sisi twaona kwamba swali hili limebeba mambo mawili, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni emuleta, yaani programu inayoiwezesha simu au kompyuta kuiga kazi ya mtambo wa kuchezea, mfano wa PlayStation. Kuiga huku peke yake si wizi. Mwaka 2000, katika kesi ya Sony na Connectix, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kuwa kunakili programu ya ndani ya mtambo kwa ajili ya kuichunguza, ili kuunda emuleta, kulikuwa matumizi ya haki. Fundi akilitazama jahazi la mwenziwe kisha akaunda lake, hajaiba jahazi.

La pili ni mchezo wenyewe. Huo una walioubuni, waliouchora na walioutilia muziki. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzilinda programu za kompyuta. Humruhusu aliyeipata programu kihalali kujiwekea nakala ya akiba, lakini haimpi ruhusa ya kuigawa wala kuiuza. Nayo Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia.

Vijana hujibu: mchezo huu hauuzwi tena, basi nani adhulumiwa? Hoja hii ina uzito. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani sokoni. Ni haki maktaba zitafutiwe njia ya kuihifadhi. Lakini kitu kukosa duka si kukosa mwenyewe. Nyumba iliyofungwa miaka mingi katika Mji wa Kale ingali na warithi wake.

Zito zaidi ni la kijana anayewajazia wenziwe michezo hiyo kwa malipo. Huyo amekwisha kuifanya mali ya watu kuwa riziki, na riziki hiyo yaingia jikoni kwa mamake. Na auze ujuzi wake: atengeneze simu, aziwekee programu zilizotolewa bure na wenyewe. Ujira wa mkono wake ni wake.

Basi mzazi, kabla hujampokonya mwanao simu, muulize kwa upole: mchezo huu umeupata wapi? Akikujibu, utajua la kumkataza na la kumwachia.