Nyumbu Jikoni, Risiti Iko Wapi?

Staa wa mtandaoni pale Bariadi anafunua sufuria, mvuke unapanda, chini kaandika "mambo ya porini." Laiki zinamiminika. Hakuna anayemuuliza risiti.

Utamu haubishaniwi. Nyamapori ikikaushwa, ikachemshwa taratibu, ikaungwa karanga na kuliwa na ugali wa moto, nani anabakiza? Simiyu imepakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa, hamu hii si ya jana.

Ila Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haicheki na mtu: kukutwa na nyama bila kibali kunaweza kukupa hata miaka 20 jela. Na wanaozoea kwenda ndani sio mastaa, ni vijana wa kijijini wenye mnofu kwenye kiroba.

Tangu 2020 kanuni zinaruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, nyama ikiwa imepimwa, maana kimeta hakionekani kwa macho. Basi staa aoneshe risiti kwanza, sufuria baadaye. Na mabucha yasiishie miji mikubwa: mkulima wa Meatu au Itilima anayekanyagiwa shamba na tembo naye anastahili kilo yake ya halali. Au sio, wadau?